Kwenda Bila Silaha: Mwongozo Kamili kwa Wanaojitolea kwa Amani Kati ya Malindi na Lamu

Kijana akinijia kuniambia anataka kwenda kukaa na watu wa Witu au Hindi, huko Lamu, wakati wa hofu ya mashambulizi, na kwamba Mungu atamlinda, humwuliza swali moja tu: ni nani aliyekuita? Wengi hunyamaza. Wachache husema wameguswa moyoni. Kuguswa moyoni ni jambo zuri, ila si mwaliko.

Nimewaandikia hao, pamoja na vikundi vya misikiti na makanisa ya Malindi, Garsen na Lamu vinavyotuma watu kwa dua na nauli peke yake. Sina nia ya kumtisha mtu. Ningependa tu muwe wazito wa kuondoka na wepesi wa kurudi.

Hatua ya 1: Jua kazi unayoiomba

Hapa hakuna mahubiri wala ugawaji wa unga. Kazi ni kuwapo. Watu wasio na silaha wanakaa na raia waliozungukwa na hatari, wanamsindikiza anayetishwa, wanapima uvumi kabla haujachoma nyumba, wanawakalisha barazani watu walioacha kuamkiana. Wamenoni, Wakristo wanaokataa vita, na wenzao wa Amerika Kaskazini waliipa mfumo mwaka 1986 walipounda Christian Peacemaker Teams, ambayo tangu 2022 inaitwa Community Peacemaker Teams.

Vijana wetu wa Kiislamu huuliza kama hili si jambo la wazungu na kanisa lao. Huwasimulia habari za Abdul Ghaffar Khan, Mpashtuni wa mpakani mwa Afghanistan, katika India ya wakati wa Waingereza, ambaye kuanzia 1929 aliwaapisha maelfu ya Waislamu wenzake wasishike silaha wala kulipiza kisasi. Waliitwa Khudai Khidmatgar, watumishi wa Mungu, na msingi wao ulikuwa subira ya Mtume. Tarehe 23 Aprili 1930 askari wa Kiingereza waliwamiminia watu wao risasi mjini Peshawar. Karibu zaidi na kwetu kuna wanawake wa Wajir. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Dekha Ibrahim Abdi na wenzake walianzia sokoni, wakahakikisha kwamba mwanamke wa ukoo wowote anauza na kununua bila kufukuzwa. Mwaka 2007 Dekha alitunukiwa tuzo ya Right Livelihood, lakini mimi nikimkumbuka hukumbuka lile soko.

Sasa shika jambo hili kabla ya mengine yote. Macho ya mtu wa nje humzuia mkosaji mwenye jina la kulinda: askari wa kizuizini, kiongozi wa mtaa, vijana wa kabila jirani ambao kesho watakutana na wazee wako msibani. Macho hayo ndiyo waliyoyategemea watu wa timu hizo waliokuwa wakiwasindikiza watoto kwenda shule katika kijiji cha At-Tuwani, kusini mwa Hebron, huko Palestina. Mwaka 2004 walipigwa vibaya na watu waliofunika nyuso, lakini kipigo hicho kiliisukuma serikali ya Israeli kuagiza jeshi lake liwasindikize watoto hao.

Kwa anayeitaka sauti ya mlipuko isikike duniani, macho yako hayamzuii. Kwake wewe ni mtaji. Novemba 2018, huko Chakama, bara ya Malindi, watu wenye bunduki walimchukua binti wa Kiitaliano aliyekuja kuwasaidia watoto, na aliachiliwa Mei 2020 huko Somalia. Hakuwa na ugomvi na mtu. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe, na kuku mweupe huonwa na mwewe pia. Kwa hiyo kila safari ipime kwa maswali mawili: kuwapo kwangu kunapunguza hatari gani, na kunaongeza hatari gani, kwa nani?

Hatua ya 2: Pata mwaliko kwa milango mitatu

Mlango wa kwanza ni wazee wa dini na wa kijiji. Usiwapigie simu. Nenda ukae barazani, unywe kahawa chungu, useme shida yako siku ya pili. Mlango wa pili ni kina mama, peke yao, wakizungumza na mwanamke mwenzao wa kundi lenu. Mara mbili wazee walituambia karibuni, kisha kina mama wakatuambia kwa upole tusije mwezi ule. Tuliwasikiliza kina mama, na sijajuta. Mlango wa tatu ni chifu na kituo cha polisi. Si kuomba ruhusa ya kuwapenda watu, ni kuhakikisha hakuna atakayekuona usiku akadhani wewe ni mwingine.

Mlango mmoja ukifungwa, safari imekufa. Usijaribu kuingilia dirishani.

Tarajia kuulizwa maswali magumu. Mzee mmoja wa Lamu alituambia, "Wanangu, nyinyi mwaja na daftari, mwenda zenu, sisi twabaki na maswali." Alikuwa na maana ya maswali ya watu wa aina mbili: wenye sare, na wasio na sare wanaokuja baada yao. Mkae mjibu pamoja na mwenyeji: akiulizwa walikuwa nani na walitaka nini, atasema nini? Jibu liwe la kweli, fupi, na lilelile kwa kila anayeuliza.

Tena, tangu yale ya Shakahola mwaka 2023, ambako wafuasi wa mhubiri walifunga mpaka wakafa kwa njaa, watu wa bara ya Malindi wana haki ya kumtazama kwa jicho la pembeni mgeni yeyote anayeanza na jina la Mungu. Usikasirike. Waonyeshe nani anakujua, unakaa wapi, nani anakulipia nauli.

Hatua ya 3: Sikia historia kwa zaidi ya mdomo mmoja

Usiku wa 15 Juni 2014 Mpeketoni ilivamiwa, na kwa siku chache watu zaidi ya 60 waliuawa huko na vijiji vya karibu. Mwezi uliofuata ikawa Hindi. Serikali ilitangaza kafyu, na Septemba 2015 operesheni ya kijeshi ya Linda Boni, katika msitu wa Boni, ikaanza. Hayo yanajulikana. Ila utaje Mpeketoni katika mkahawa wowote wa Lamu mbele ya watu watatu, utapata maelezo matatu: dini, siasa, na ardhi ambayo mgogoro wake una miaka tangu watu walipopewa mashamba kando ya Ziwa Kenyatta. Usichague. Andika yote. Waulize pia Waaweer (Waboni) wa Basuba na Mangai, ambao msitu ulikuwa ghala lao la asali na dawa kabla ya kuwa uwanja wa operesheni.

Ukipitia Tana Delta, jua kwamba mwaka 2012 Wapokomo na Waorma waliuana kwa sababu ya maji na malisho, na waliokufa walizidi mia moja. Huo ni ugomvi wa majirani, na hapo ndipo kazi yetu ina nguvu zaidi. Kama kikundi chenu ni kichanga, anzeni huko. Msianze na mpaka wa Somalia.

Hatua ya 4: Unda jozi, si jeshi

Nendeni wawili wawili, na kikosi kizima kisizidi wanne. Kila jozi iwe na Mwislamu na Mkristo, na kikosi kiwe na mwanamke. Mmoja ajue lugha ya huko. Mlevi, anayependa kujipiga picha, na anayetoka kwenye msiba mbichi, wote wabaki nyumbani. Huyo wa tatu ni vigumu kumkatalia, kwa sababu ndiye mwenye hamu kubwa ya kwenda. Mkatalie.

Mazoezi yafanyeni uani, kwa kuigiza. Mmoja awe askari mkali, mwingine awe baba aliyepoteza mwana, mwingine awe mtu mwenye panga. Mara ya kwanza mtacheka. Rudieni mpaka kicheko kiishe. Mtakachojifunza ni kidogo na kina faida: sauti ya chini, mikono wazi, usimguse mtu mwenye hasira, usisimame kati yake na njia ya kutokea.

Hatua ya 5: Andika barua yako kabla ya kufunga begi

Hii ndiyo hatua inayorukwa, nami nitakaa hapa.

Tarehe 26 Novemba 2005, wanaume wanne waliokuwa na Christian Peacemaker Teams walitekwa Baghdad: Tom Fox, Mmarekani, Norman Kember, Mwingereza, James Loney na Harmeet Singh Sooden, kutoka Kanada. Timu yao ilikuwa imekusanya habari za Wairaki waliokuwa wakiteswa vizuizini. Ilikuwa na marafiki. Waislamu wa Palestina, ambako wenzao walikuwa wamekaa miaka kumi, waliandamana kuomba waachiliwe. Hata hivyo Machi 2006 maiti ya Tom Fox ilipatikana Baghdad. Wengine watatu walitolewa tarehe 23 Machi na askari wa Uingereza na wenzao, bila risasi kufyatuliwa, maana watekaji walikuwa wameshaondoka.

Kabla ya kwenda, watu wa timu hiyo huweka maandishi: fidia isilipwe, na nguvu za kijeshi zisitumike kuwaokoa. Kwa hiyo askari waliowatoa walifanya walichokatazwa, na magazeti ya Uingereza yakauliza kama watu hawa wana shukrani. Kwa maoni yangu swali hilo lilikuwa la mtu aliyelala kitandani kwake. Mtu anaweza kumshukuru aliyemfungua minyororo na bado akasema nisingependa auawe mtu kwa ajili yangu. Baadaye watatu hao waliwasamehe watekaji hadharani na kukataa kutoa ushahidi mahakamani dhidi yao. Mimi sina hakika ningeliweza hilo la pili.

Barua yako ijibu haya, kwa mkono wako mwenyewe. Nikitekwa, fidia ilipwe au isilipwe? Nataka niokolewe kwa silaha au hapana? Elewa kwamba serikali haifungwi na barua yako. Unaandika matakwa, si amri. Nani wa ukoo atakayezungumza kwa niaba yangu? Awe mmoja tu, na asiwe mama yako. Swali gani la siri litathibitisha kwamba ni mimi niliye hai? Chagua kitu kisicho mtandaoni, kama jina la mbuzi wenu wa zamani. Nina ugonjwa gani, dawa gani, damu ya kundi gani? Nikifa huko, nizikwe wapi?

Madeni na amana viandike pia. Kwa Waislamu hili halihitaji kubembelezwa, kwani hadithi sahihi inasema mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili bila wasia ulioandikwa. Wakristo wetu ndio wanaoona kama kujitabiria mabaya.

Kisha barua isomwe mbele ya familia, wote wakiwa wamekaa. Hapo ndipo utajua kama unakwenda. Mwenzetu mmoja alisoma mstari wa fidia, mkewe akasimama akaenda jikoni. Hakusema neno. Yule mwenzetu hakwenda safari ile, wala hatukumwuliza. Bahasha hufungwa na kuwekwa kwa watu wawili, mmoja Malindi na mmoja nje ya pwani.

Hatua ya 6: Njiani

Kutoka Malindi hadi gati la Mokowe ni zaidi ya kilomita 200, kupitia Garsen na Witu. Lami imepunguza saa, haijaondoa hatari. Sehemu kama Nyongoro na Milihoi zimeshambuliwa mara kadhaa. Safiri mchana. Ulizia asubuhi ileile kwa makondakta na madereva, si jana yake.

Hapa pana fundo. Mabasi ya njia hii yamekuwa yakisindikizwa na polisi wenye silaha, nasi tumesema hatutembei na bunduki. Wapo wenzetu wanaoona ni unafiki. Tulijadili usiku kucha tukaamua hivi: hatuombi ulinzi wetu wenyewe, hatupandi gari la polisi wala la jeshi hata tukipewa bure, lakini tunapanda basi analopanda mama muuza samaki. Hatari yake ni yetu, na ulinzi wake ni wetu. Kama kundi lenu litaamua vingine, sawa, ila amueni kabla hamjafika stendi.

Ukiwa na gari dogo, usiandamane na msafara wa jeshi, mbele wala nyuma, kwa kuwa vilipuzi hutegewa wao. Simama, waache wapotee. Usiendeshe pembezoni mwa barabara ya vumbi, usikanyage udongo uliofukuliwa upya, usiokote kitu. Haja ndogo uimalize Garsen.

Kizuizini: punguza mwendo mapema, shusha kioo, vua miwani, mikono ionekane, kitambulisho kiwe mfukoni mwa shati ili usikitafute chini ya kiti. Usipige picha. Salimia kwanza, jibu ulichoulizwa, usitoe hotuba ya amani.

Kwa safari za bahari, kwenda Pate, Faza, Siyu au Kiunga, mwamini nahodha kuliko ratiba. Kusi ikivuma, bahari ya nje haina huruma. Boti isiyo na makoti ya kuokolea maisha usiipande, hata nahodha akiwa mjomba wako.

Piga simu kwa mtu wa Malindi kwa saa mlizokubaliana: kuondoka, Garsen, Witu, kufika. Mtandao hukatika, kwa hiyo wekeni saa ya neema, sisi huweka mbili. Zikipita, mtu wa Malindi humpigia mwenyeji, kisha chifu, kisha polisi kwa 999 au 112, na Msalaba Mwekundu kwa 1199. Hakuna kutangaza kwenye kundi la WhatsApp. Wakati mmoja simu yangu iliingia maji Mokowe nikachelewa saa tatu. Nilipopatikana, imamu alikuwa tayari amevaa viatu. Aibu ile ilinifunza kubeba simu ya pili, ya vitufe.

Hatua ya 7: Kijijini

Lala kwa mwenyeji, si hotelini. Kula anachokula, lakini njoo na mchele wako. Usiku baki ndani. Simu yako isiwe na picha za watu, wala majina kamili ya waliokueleza mambo. Daftari liwe na alama unazozijua wewe.

Sema wazi siku ya kwanza, mbele ya wote: sisi si masikio ya serikali wala ya wenye bunduki walio msituni, lakini tukisikia kuna mtu anataka kuuawa, hatutaficha. Hivyo anayekuamini anajua mpaka wa siri.

Uvumi una dawa yake. Ukiambiwa wamekuja, uliza nani aliwaona kwa macho yake, wapi, saa ngapi, kisha nenda kwa huyo. Mara nyingi mnyororo huishia kwa mtu aliyesikia mbwa. Mara chache huishia kwa mtu anayetetemeka, na hapo ondokeni pamoja naye.

Mavazi ni ya heshima, tena ni yako. Mkristo asivae kofia na kanzu ili kujificha, wala asijifunze shahada kama neno la kupitia mlangoni. Nasema hivi nikijua kisa cha basi la Mandera. Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, wavamizi waliwaamuru abiria wagawanyike kwa dini. Waislamu walikataa. Kina mama walikuwa wamewapa abiria Wakristo mitandio yao. Mwalimu Salah Farah alikuwa miongoni mwa waliokataa. Alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Mitandio ile ilitolewa na wenye nayo, kwa hiari, wakijua bei yake. Ukijivika mwenyewe kwa hila kijijini kwa watu, umeitoa shingo ya mwenyeji bila kumwuliza. Saa ile yenyewe ikifika, kila mtu ataamua na Mola wake, na asihukumiwe na aliyekuwa Malindi.

Hatua ya 8: Hatari ikifika

Risasi zikilia, lala chini, nyuma ya ukuta wa mawe au mbuyu. Ukuta wa makuti na mlango wa gari haviizuii risasi. Usichungulie. Mlipuko ukitokea, usikimbilie palipolipuka, maana cha pili hutegewa waokoaji. Rudi kwa nyayo zako.

Damu ikichuruzika kwa nguvu, bana jeraha kwa kitambaa kwa uzito wako wote. Kama ni mkono au mguu na haikomi, funga juu ya jeraha, upana wa vidole vinne hivi, zungusha kijiti mpaka damu isimame, andika saa, usilegeze mpaka hospitali. Hili lifanyieni mazoezi mpaka gizani.

Ukitekwa, dakika za kwanza ndizo zenye vidole vyepesi kwenye bunduki. Tii, usikimbie ghafla, usibishane dini. Baadaye sema jina lako, la watoto wako. Omba maji. Kula ukipewa. Hesabu siku kwa sala.

Na ruhusa ya kuondoka iwe kwa kila mmoja: akisema mmoja tu kwamba moyo wake umekataa, wote mnaondoka, bila mjadala mpaka mfike Malindi.

Hatua ya 9: Kurudi

Usirudi kazini kesho yake. Kaeni siku mbili pamoja, msimulie mlichoona kwa mpangilio, saa kwa saa, kisha mlichohisi. Asiyelala usingizi kwa wiki mbili, anayeshtuka mlango ukibamizwa, aende kwa mshauri au daktari. Kisomo na maombi viendelee, havigombani na daktari.

Siku ya saba mpigie mwenyeji. Mjulie hali, uliza watoto, uliza mvua. Kisha mwulize kama kuna aliyekuja kuuliza habari zenu. Akisema ndiyo, andikeni nani na siku gani, mjulisheni mtu mliyekubaliana naye, na safari inayofuata muifute mpaka mwenyeji mwenyewe apige simu kusema njooni.